Kabla ya kufunga gesi kwenye gari lako: mwongozo kwa wenye magari wa Dar es Salaam

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye magari wa Dar es Salaam wamezoea kuisubiri siku hiyo roho zikiwa juu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita moja ya petroli ilivuka shilingi 3,000 katika jiji hili, na mwezi Agosti ikafika shilingi 3,410 hata baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku. Petroli yote tunayochoma huletwa kwa meli na hulipiwa kwa dola, kwa hiyo kila mtikisiko wa soko la dunia au wa thamani ya shilingi humfikia dereva wa Tandika ndani ya mwezi mmoja au miwili. Gesi asilia ina historia tofauti. Iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa mwaka 1974 na Mnazi Bay mkoani Mtwara mwaka 1982, ikaanza kuzalishwa kibiashara Songo Songo mwaka 2004, na mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa. Kwa miaka kadhaa kilo moja ya gesi ya magari, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa ambayo wengi wanaiita CNG, imeuzwa kwa takriban shilingi 1,550, wakati petroli ikipanda na kushuka kila mwezi.

Unafuu huo ni wa kweli, lakini haumfikii kila mwenye gari, na mtu aliyefungiwa mtungi usiofaa huwa amenunua hatari kwa fedha zake mwenyewe. Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya mtu mwenye gari dogo la petroli ambaye anafikiria kulifunga gesi, yaani kuliongezea mtungi na mfumo wa gesi huku likibaki na tenki lake la petroli, na bado hajatoa fedha.

Kwanza niseme kwa kifupi kwa nini nazungumzia gesi asilia peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 2000 tuliahidiwa mafuta ya magari yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za mibono. Mashamba makubwa yakafunguliwa Kisarawe na Kilwa, wanavijiji wakatoa ardhi yao, na mafuta yale hayakufika kwenye pampu za mjini. Wapo wanaouza vifaa vinavyodaiwa kuendesha gari kwa maji: usivinunue, kwa sababu maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, na umeme wa kuyatenganisha hutoka kwenye injini ileile unayotaka kuisaidia. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa huharibu injini. Umeme ni njia nzuri, hasa kwa pikipiki na bajaji mpya, ila kuligeuza gari la petroli ulilonalo liwe la umeme ni gharama ambayo watu wengi hawaimudu. Kwa gari lililopo barabarani leo katika jiji hili, gesi asilia ndiyo njia yenye hesabu inayoeleweka.

Hatua ya kwanza: pima gari lako linakula kiasi gani

Usikadirie, na usichukue namba ya jirani mwenye gari kama lako. Jaza tenki la petroli mpaka bunduki ya pampu ijikate yenyewe, andika namba iliyo kwenye dashibodi, kisha endesha kama unavyoendesha siku zote kwa wiki moja au mbili. Rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate, na ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara hii ya pili. Gari dogo la injini ya lita 1.5 ambalo barabara ya Morogoro usiku hulifikisha kilomita 14 au 15 kwa lita linaweza kushuka hadi 9 au 10 kwenye foleni za Mwenge na Buguruni, na namba unayoihitaji ni hiyo ya foleni. Andika pia wastani wa kilomita zako kwa siku, ukiziacha kando safari za mikoani.

Hatua ya pili: fanya hesabu kwa kilomita

Gesi huuzwa kwa kilo na petroli kwa lita, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribiana na ya lita moja na nusu ya petroli. Gari linalotembea kilomita 10 kwa lita litatembea takriban kilomita 15 kwa kilo. Tuseme petroli ni shilingi 3,000: kila kilomita inakugharimu shilingi 300. Kwa gesi ya shilingi 1,550, kilomita hiyohiyo inagharimu shilingi 103 hivi. Tofauti ni shilingi 197, lakini ipunguze mpaka 180, kwa sababu gari lililofungwa gesi huwaka kwa petroli kila asubuhi na huendelea nayo mpaka injini ipate joto.

Sasa weka gharama ya kufunga mfumo. Kwa gari la silinda nne, karakana nyingi zimekuwa zikitoza kati ya shilingi milioni 1.5 na 2.5, kutegemea ukubwa wa mtungi na ubora wa vifaa. Kwa milioni mbili, gari linatakiwa kutembea takriban kilomita 11,100 kabla fedha yako haijarudi. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 120 kwa siku ataifikia namba hiyo ndani ya miezi mitatu hivi. Mtumishi anayetoka Tabata kwenda Posta na kurudi, akitembea kilomita 30, atahitaji siku 370 za kuendesha, na kwa kuwa hatoki kila siku, ni zaidi ya mwaka mmoja. Mwenye gari la kwenda kanisani au sokoni mwishoni mwa wiki afunge daftari hapa na abaki na petroli yake, kwa sababu huenda gari likauzwa kabla mtungi haujalipa.

Weka pia nafasi ya mabadiliko ya bei. Katika bajeti ya Juni 2024 serikali ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari. Rudia hesabu yako ukiongeza kiasi kama hicho: kilomita itagharimu shilingi 129 badala ya 103. Ikiwa kwa bei hiyo bado mpango wako unasimama, una msingi mzuri wa kuendelea.

Hatua ya tatu: kiangalie kituo kabla ya kuiangalia karakana

Gesi haipatikani kila kona kama petroli. Vituo vilianzia Ubungo, vikaongezeka kwenye barabara ya Nyerere karibu na uwanja wa ndege, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limejenga kituo kikubwa kando ya barabara ya Sam Nujoma, jirani na Chuo Kikuu. Lakini magari na bajaji zilizofungwa gesi ziliongezeka kwa kasi kuliko pampu, na foleni ya saa mbili au tatu imekuwa jambo la kawaida. Mtungi wa kilo 11, ambao kwa kweli mara nyingi huingia kilo 9 au 10 kwa sababu gesi hupata moto na kutanuka inapojazwa haraka, utakutembeza kama kilomita 140. Dereva wa teksi atajaza karibu kila siku, na saa mbili za foleni kila siku ni abiria anaowakosa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, nenda kwenye kituo kilicho karibu na njia yako kwa nyakati tatu tofauti: alfajiri, saa za mchana, na usiku baada ya saa nne. Hesabu magari yaliyo mbele, zungumza na madereva, waulize gesi hukatika mara ngapi kwa wiki na ni saa zipi msukumo wa pampu huwa dhaifu kiasi kwamba mtungi haujai. Madereva wa bajaji ndio wanaojua zaidi, na husema ukweli kwa sababu hawana cha kukuuzia. Ukigundua kwamba kituo cha karibu kiko kilomita 12 nje ya njia yako, ziingize kilomita 24 za kwenda na kurudi kwenye hesabu ya hatua ya pili. Mara nyingi uamuzi huishia hapa.

Hatua ya nne: uliza kama injini inafaa

Magari mengi ya Toyota tunayoyaona mjini, kama IST, Raum, Probox na Vitz za miaka ya nyuma, yana injini zinazopokea gesi bila matatizo makubwa, kwa sababu petroli yake hupuliziwa kwenye njia ya hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Tatizo liko kwenye injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo mafundi wetu wanaziita D4: utazikuta kwenye Brevis, na kwenye baadhi ya Premio na Wish za lita mbili. Injini hizo zinahitaji mfumo maalumu wa gesi ulio ghali zaidi, na fundi akikuambia kwamba mfumo wa kawaida utatosha, tafuta fundi mwingine.

Hata injini inayofaa inatakiwa iwe nzima. Omba ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya kushindilia hewa, kwenye kila silinda, na kagua plagi, koili na mfumo wa kupoza maji. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli, kwa hiyo plagi iliyochoka ambayo kwa petroli hukuisikia, kwa gesi italifanya gari likatekate kwenye kila mlima. Taa ya injini ikiwa inawaka, maliza tatizo hilo kwanza. Gesi haitibu injini mgonjwa, na baada ya kufunga utashindwa kujua kosa ni la nani.

Hatua ya tano: chagua karakana

Tafuta karakana iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, inayotoa cheti cha ufungaji chenye namba ya mtungi na namba ya gari lako, na dhamana iliyoandikwa. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa waliofanya kazi hii kwa muda mrefu, na hata kama hutafunga kwao, nenda ukaone kazi iliyokamilika inavyoonekana ili macho yako yapate kipimo. Katika karakana yoyote, omba kuona gari walilolifunga mwaka mmoja au miwili iliyopita, kwa sababu gari lililotoka jana kila mtu atakuonyesha likiwa safi. Bei iliyo chini sana kuliko za wengine itakuwa imepunguzwa mahali fulani, na mahali penyewe mara nyingi ni kwenye mtungi.

Hatua ya sita: mtungi

Hapa naomba usome polepole. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban pauni 30. Mtungi wa gesi asilia ukijaa una msukumo wa baa 200, yaani karibu pauni 2,900, na umewekwa nyuma ya kiti wanachokalia watoto wako. Mtungi wa gesi ya kupikia hubeba gesi nyingine kabisa, ambayo hugeuka kimiminika kwa msukumo mdogo, na chuma chake hakikutengenezwa kwa hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Anayejaza gesi asilia kwenye mtungi wa jikoni, wa oksijeni ya kuchomelea au wa kuzimia moto uliopakwa rangi upya, anatengeneza bomu. Hakuna akiba ya mafuta inayostahili jambo hilo.

Kabla mtungi haujafungwa, utake utolewe chini kwenye mwanga, nawe usome maandishi yaliyogongwa kwenye chuma penye shingo. Unatakiwa kuona kiwango cha kimataifa cha mitungi ya magari, ambacho ni ISO 11439 au ECE R110. Namba ya mtungi wenyewe. Ujazo wake kwa lita. Msukumo wa kazi wa baa 200. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa maana mitungi hii haikuundwa kukaa zaidi ya miaka 20. Maandishi yaliyosagwa kwa grenda, yaliyofichwa na rangi nene au yanayopingana na cheti ni sababu tosha ya kuukataa mtungi papo hapo, hata kama umekwisha kulipa nusu. Piga picha maandishi hayo na uyahifadhi.

Kuhusu ukubwa, mtungi wa chuma wa lita 60 hubeba kama kilo 10 au 11 za gesi na wenyewe una uzito unaokaribia kilo 60, yaani ni kama kumbeba mtu mzima nyuma siku zote. Buti la IST litabaki dogo sana. Springi za nyuma zitalala, na kama gari lako hubeba mizigo ya duka au abiria watano kila siku, zungumza na fundi kuhusu kuziongezea nguvu kabla ya kuondoka.

Hatua ya saba: siku ya kuchukua gari

Usichukue gari usiku wala mvua ikinyesha, kwa sababu unatakiwa kuingia chini yake. Mtungi uwe umeshikwa na mikanda ya chuma isiyopungua miwili, yenye mpira katikati ili chuma kisisagane na chuma, na boliti zake zipite sakafuni na kukazwa kwa bamba upande wa chini. Boliti zilizoshika bati tupu zitang'oka siku ya ajali. Vali ya mtungi iwe ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa, chenye mpira unaotoa gesi nje ya gari endapo itavuja. Bomba la msukumo mkubwa linalokwenda mbele lishikwe kwa vibanio kila baada ya nafasi fupi, na lipite mbali na ekzosi. Gari langu lilipofungwa, bomba hilo lilikuwa limepitishwa upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye ekzosi, na nililiona kwa sababu tu nililala chini ya gari huku fundi akinihimiza niondoke. Walilihamisha siku hiyohiyo, lakini kama nisingelala chini, lingebaki vilevile.

Kisha mtake fundi apake povu la sabuni kwenye kila kiungo huku mtungi ukiwa na gesi, kuanzia kwenye vali ya nyuma hadi kwenye regulata ya mbele inayopunguza msukumo wa gesi, nawe ukitazama. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Usiitegemee pua yako, kwa kuwa gesi asilia kwa asili yake haina harufu. Jambo moja la kutuliza ni kwamba ni nyepesi kuliko hewa: ikivuja mahali pa wazi hupanda na kutawanyika, tofauti na gesi ya kupikia ambayo hulala chini na kusubiri cheche. Onyeshwa pia vali ya mkono ya kufungia gesi, na uifunge na kuifungua mwenyewe mara kadhaa mpaka mkono uizoee.

Mwisho, endesha gari na fundi akiwa pembeni na kompyuta yake, kwenye foleni na kwenye mwinuko, ili arekebishe mchanganyiko wa gesi na hewa. Kupungua kwa nguvu kwa kiasi cha moja ya kumi ni kawaida. Gari kuzima ukiachia mafuta, au kurusha moto wa nyuma kwenye njia ya hewa, si kawaida, na usiondoke nalo.

Hatua ya nane: kuishi na gari la gesi

Kituoni, zima injini, shusha abiria wote, usivute sigara wala kutumia simu, na usiruhusu mtu kujaza zaidi ya baa 200 kwa kukufanyia hisani.

Tenki la petroli lisishuke chini ya robo. Wengi hupuuza jambo hili kwa sababu wanaona hawalihitaji tena, kisha baada ya miezi michache wananunua pampu mpya: pampu iliyo ndani ya tenki hupozwa na petroli inayoizunguka, na kwenye mifumo mingi huendelea kuzunguka hata gari likitumia gesi. Mara moja kwa wiki endesha kilomita 10 au 20 kwa petroli tupu, ili nozeli zinazopulizia petroli zisikauke na mafuta yasichakae. Ukisafiri kwenda Iringa au Mbeya, petroli ndiyo itakayokupeleka, nao mwinuko wa Kitonga utaupanda vizuri zaidi kwa petroli.

Badilisha chujio la gesi kwa muda uliopangwa na watengenezaji wa mfumo, safisha chujio la hewa mara kwa mara kwa sababu ya vumbi letu, na kagua plagi mapema kuliko ulivyozoea. Gesi huungua ikiwa kavu, haina ule unyevu wa petroli unaosaidia vali, kwa hiyo kila baada ya kilomita 40,000 hivi omba uwazi wa vali upimwe. Ukiacha mpaka kompresheni ishuke, utakuwa unazungumzia kufungua kichwa cha injini.

Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba gari limefungwa gesi, na uambatishe nakala ya cheti. Mtungi nao upelekwe kupimwa upya kwa msukumo wa maji kwa tarehe iliyo kwenye cheti chake, na upelekwe mapema zaidi ikiwa gari limegongwa nyuma au limeungua hata kidogo, ingawa kwa macho chuma hakina alama. Siku utakapoliuza gari, mkabidhi mnunuzi cheti, picha za maandishi ya mtungi na tarehe ya kipimo kinachofuata. Na kama ameamua kuutoa mtungi, gesi iliyomo imalizwe kwanza na kazi ifanywe na karakana ileile yenye usajili.